Bonde la Kisu

Siku Hisanobu alipofariki, mtu wa mazishi aliomba kisu.

Aliomba kwa adabu, kapiga magoti kwenye mkeka, viganja juu ya mapaja, kama mgeni anayeomba maji ya kunywa. Marehemu alikuwa amelazwa chumba cha ndani, kichwa kimeelekea kaskazini, uso umefunikwa kwa kitambaa cheupe. Kilichobaki kilikuwa kisu cha kuwekwa kifuani, ili mabaya yasimkaribie kabla ya kupelekwa kuchomwa. Siku hizi nyumba nyingi hazina kisu cha kufaa, alisema yule mtu, na kwa hiyo wao huja na cha mbao kilichofungwa ndani ya hariri. Ila hapa, akaongeza, akainua macho ukutani, hapa naona hakuna shida.

Ukuta mzima ulikuwa visu. Kulikuwa na chenye mpini wa zambarau unaong'aa kama peremende iliyolambwa. Kulikuwa na chenye mpini uliotengenezwa kwa fimbo ya kuchezea gofu. Kulikuwa na kimoja chenye joka lililochorwa kwenye bapa kwa tindikali, joka ambalo Tsuruyo, mke wa marehemu, aliliita tangu siku ya kwanza kambare anayeumwa jino. Hisanobu hakubisha. Alilitazama kwa muda, akasema, "Jino la juu au la chini, bibie?"

"Hapana," Tsuruyo alimwambia mtu wa mazishi. "Hivyo si visu. Subiri."

Akatoka nje, akapita kwenye theluji hadi kibandani, mahali ambapo asubuhi ile alimkuta mumewe ameinama kwenye kiti. Kisu alichokitaka kilikuwa mezani asubuhi. Alikiona kwa macho yake, kando ya mkono wa Hisanobu. Sasa meza ilikuwa tupu. Akatazama chini ya meza, nyuma ya mashine ya msasa, ndani ya ndoo ya mawe ya kunolea. Akadhani labda watu wa gari la wagonjwa walikisogeza. Akarudi ndani, viatu vimejaa theluji.

"Weka hicho cha mbao," alisema.

Ndivyo mtu aliyejaza nyumba visu alivyokwenda kuchomwa huku akilindwa na kijiti.

*

Ni lazima kusema ukweli juu ya burudani ile, maana waliokuja msibani hawakuusema.

Hisanobu hakuwa mhunzi. Alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha barafu bandarini hapa Himi, akisaga barafu ya kumwagia samaki, na alipostaafu alihitaji kitu cha kushika. Wengine hulea miti midogo kwenye vyungu. Wengine huenda kuimba kwenye vyumba vya kukodi mpaka majirani wahame. Yeye alinunua mashine ya msasa. Kufua chuma hakujua na wala hakujidai kujua. Alichofanya ni kununua bapa tupu, lililofuliwa na mwingine mwenye moto na nyundo, kisha kulivalisha mpini, kulikata ncha, kulichora na kulipa jina. Ndiyo, jina. Kimoja kiliitwa Ngurumo ya Majira ya Baridi. Tsuruyo alijaribu kukata kitunguu kwa Ngurumo, kitunguu kikakimbia.

Tena hakuwa peke yake. Walikuwepo wenzake, chama kizima cha wastaafu, waliovaa aproni za ngozi kama watu wa tanuri ilhali moto mkubwa waliowahi kuuwasha ni wa jiko la gesi. Mwenyekiti wao, Kuramochi, alikuwa mshereheshaji wa harusi kwenye ukumbi mmoja wa mjini kwa miaka mingi, na mpaka leo hawezi kukuuliza saa bila sauti yake kupanda kama anamwita bibi arusi aingie. Kila Jumamosi walikusanyika kwenye gereji yake, wakanywa kahawa, wakapeana visu vya kutazama. Walivigeuza kwenye mwanga. Walivuta pumzi. Visu vile havikuwahi kukata chochote isipokuwa muda.

Hayo yote Tsuruyo angeyavumilia. Kila mwanamke mwenye mume aliyestaafu ana mzigo wake. Lakini Hisanobu, majira ya baridi yale ya kwanza, alichukua kisu cha baba yake Tsuruyo.

Baba yake alikuwa muuza samaki. Kisu chenyewe kilikuwa deba, kile kizito cha kukatia vichwa na kutenga mnofu na mifupa, na alikitumia tangu ujanani mpaka kikawa chembamba kuliko kilivyozaliwa. Kisu cha namna hiyo kinanolewa upande mmoja. Upande wa nyuma mhunzi hukiachia bonde, kina kidogo tu, mtu asiyejua hawezi kuliona mpaka apitishe kidole. Bonde hilo ndilo linalofanya nyama ya samaki iachie chuma badala ya kunata. Baba yake alikuwa akisema mbele ni kwa ajili ya kukata na nyuma ni kwa ajili ya kuachia, na ukiwa na kimoja bila kingine huna kisu.

Siku moja Hisanobu alikileta jikoni juu ya kitambaa, kinameta pande zote mbili.

"Haya, bibie. Nimekung'arishia."

Tsuruyo alikigeuza. Bonde halikuwepo. Upande wa nyuma ulikuwa bapa kama meza, na ndani yake aliona pua yake mwenyewe.

"Umefanyaje huku?"

"Kulikuwa na kama kashimo hivi. Nikakasawazisha."

"Umekasawazisha."

"Kwenye jiwe. Wiki nzima nimehangaika nako!"

"Baba yangu aliniachia kisu," Tsuruyo alisema. "Wewe umeniletea kioo. Basi jitazame."

Hisanobu alijitazama kweli. Alisimama pale jikoni na kisu mkononi mpaka chai ikapoa. Siku ya pili alikipeleka kwa mnoaji wa sokoni, naye alikipitishia kidole, akamrudishia, akamwambia anunue kingine. Hakununua. Alivunja jiwe la kunolea, akasugua kipande chake kimoja mpaka kikawa na mviringo kama tumbo la kidole gumba, akakaa kibandani na kuanza kulichimba bonde upya, kwa mkono, kwenye chuma kigumu. Mashine hakuigusa kwa kazi hiyo. Aliogopa joto lake lingelegeza makali.

Akachimba miaka.

Wenzake wa chama hakuwaambia alichokuwa akitengeneza. Aliona haya. Lakini nyumbani hakukuwa na siri, na Tsuruyo hakumpa nafasi ya kupumua. Kila akimpelekea chai kibandani alikuwa na la kusema.

"Fundi wa kuharibu, bonde limefika wapi leo?"

"Linakuja."

"Mvua ikinyesha litashika maji?"

"Litashika chozi la panya, bibie. Panya mwenyewe awe hana huzuni kubwa."

"Mzee wa kijijini kwetu alichimba kisima kwa siku chache kuliko hizo."

"Huyo alikuwa na mke wa kumshikia kamba. Mimi nina wa kunishikia chai."

Kila mwaka mpya alikileta jikoni kabla ya kukatwa samaki, Tsuruyo akapitisha kidole gumba upande wa nyuma, akasema, "Bado." Naye akakirudisha kibandani bila kinyongo. Mwaka huu, mwaka mpya wake wa mwisho, Tsuruyo alikipitishia kidole na kidole kikashuka, kikaenda, kikapanda, kutoka kwenye mpini mpaka karibu na ncha. Palibaki pahali padogo tu pa bapa, kama ukucha.

"Bado," Tsuruyo alisema.

"Bado," Hisanobu aliitikia, na akaenda zake anapiga mluzi.

Upande wa nyuma haukuwa unang'aa tena. Ulikuwa wa kijivu, una mikwaruzo mingi iliyofuata njia moja, kama nywele zilizochanwa.

*

Siku ya arobaini na tisa, mtawa akishamsomea marehemu na kuondoka, watu hula samaki tena na kugawana vitu vyake vya kumbukumbu. Chama kilikuja chote, suti nyeusi, vichwa vimechanwa. Wakapiga magoti mbele ya picha, wakawasha udi, na Tsuruyo aliona jinsi macho yao yalivyotoka kwenye picha na kupanda ukutani kabla moshi haujapanda.

Kuramochi alisimama na kikombe cha sake, pombe ya mchele.

"Wapendwa wageni!" alianza, na walikuwa watu saba, wote wamekaa hatua mbili kutoka kwake. "Leo tumekusanyika kumkumbuka gwiji. Narudia, gwiji! Mikono iliyoamuru chuma, na chuma kikatii!"

Tsuruyo alimimina chai. Hisanobu alipokuwa hai hawa hawa walimwita Bwana Barafu, na visu vyake walivipanga mwisho wa meza, karibu na mlango wa choo. Mwenyewe alimsimulia, akicheka. Sasa amekufa amekuwa gwiji. Kweli debe tupu haliachi kuvuma, lakini hili lilikuwa linavuma nyumbani kwa mtu, tena kwa sake ya mtu.

"Chagueni," aliwaambia.

Kwa watu wenye huzuni walichagua haraka sana. Ngurumo iliondoka kwanza. Mpini wa gofu ulipata wagombea wawili, wakasukumana kwa heshima, "Wewe kwanza," "La, wewe," kila mmoja ameshika upande wake. Ubukata, kinyozi mstaafu, mtu mpole anayesema kidogo, alichukua kambare anayeumwa jino na kumkumbatia.

"Hiki alikuwa anakisimulia sana, mama," alimwambia Tsuruyo.

"Alikisimulia nini? Ni kibaya."

"Ndivyo alivyosimulia."

Tsuruyo akamwongezea chai.

Hapo Kuramochi akagonga kikombe kwa kijiti cha kulia. "Shemeji! Tumekuandalia jambo."

"Jambo gani?"

"Ile deba. Ile aliyokufa nayo mkononi. Ninayo mimi."

Tsuruyo aliweka birika chini. Wiki zote zile alikuwa amekitafuta kisu kile mpaka ndani ya pipa la mchele.

"Unayo wewe."

"Siku ile ile nilipokuja, nikaona pale mezani pana unyevu, watu wanaingia wanatoka, nikasema moyoni hiki kitaota kutu. Nikakifunga kwenye gazeti. Shemeji, kisu cha mwisho cha rafiki yangu! Tunakimalizia sisi. Kitakaa katikati ya meza kwenye maonyesho yetu, maua yakichanua, na jina lake mbele."

"Hukuniuliza."

"Mshangao hauulizwi, shemeji."

"Umekigusa? Bapa lake umeligusa?"

Kuramochi alitabasamu lile tabasamu la kungoja keki ikatwe. "Hizo sasa ni siri za ufundi."

"Twende nikakichukue. Sasa hivi."

"Ah, shemeji, na sake hii yote? Nani ataendesha? Halafu gundi ya mpini haijakauka. Njoo kesho, kitakuwa kimevaa."

Watu wa chama walipiga makofi. Tsuruyo aliwatazama wakipiga makofi. Kila kitu alichokuwa nacho cha kutoka kwa baba yake na cha kutoka kwa mumewe kilikuwa kitu kimoja, na kilikuwa kwenye gereji ya mshereheshaji wa harusi, kikivalishwa.

*

Asubuhi alipanda basi la kwanza. Gereji ya Kuramochi ilikuwa na kibao cha mbao mlangoni chenye maandishi ya kujipinda, na ndani kulikuwa na joto kama chumba cha wazazi wanaojifungua. Aproni zilining'inia kwenye misumari, safi. Mashine ya kahawa ilikuwa na alama nyingi za matumizi kuliko kinoo chochote pale ndani. Ubukata alikuwa ameshafika, anafagia mahali pasipo uchafu.

"Karibu, karibu! Keti, shemeji. Kahawa?"

"Kisu."

Kuramochi alikitoa kwenye sanduku lenye kitambaa cheupe, akakileta kwa mikono miwili, akapiga hatua fupi fupi, kama anasindikiza pete. Mpini ulikuwa mwekundu wa plastiki ngumu, na ndani yake vilielea vipande vya dhahabu bandia, kama uchafu ndani ya jeli. Huo Tsuruyo aliupita. Mpini ni mpini, unatoka. Akakigeuza kisu.

Akajiona uso.

Aliona pua, akaona mdomo, akaona hata taa ya dari nyuma ya kichwa chake. Alipitisha kidole gumba, kutoka kwenye mpini kwenda kwenye ncha. Kidole hakikushuka popote. Akapitisha tena, polepole, maana kidole kinaweza kukosea.

"Huku nyuma," Kuramochi alisema, "tusifichane, aliacha vibaya. Mikwaruzo mitupu! Nadhani mkono ulishachoka, maskini. Sikutaka watu wamwone hivyo. Nikaweka jiwe pana, nikalalia juu yake siku tatu, nikalisawazisha bapa lote. Sasa hebu tazama! Kioo!"

"Umelisawazisha," Tsuruyo alisema.

"Kwa mkono! Kwa heshima yake, mashine sikuigusa."

Ubukata aliacha kufagia. Pengine aliona kitu usoni mwa Tsuruyo, kwa sababu alisogea, akataka kusaidia, na akasaidia kama wanavyosaidia watu wa chama kile.

"Mama, angefurahi. Alikuwa anakutaja sana hapa. Kila Jumamosi tunamngoja atuambie wiki hii umemtukana nini."

"Alisema hapa?"

"Yote!" Kuramochi alidaka. "Fundi wa kuharibu! Ha! Na ile nyingine, Ubukata, ile ya mvua. 'Mvua ikinyesha litashika maji?' Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye aproni. Na chozi la panya! Yeye mwenyewe anaigiza sauti yako, shemeji, kidole juu hivi."

Alinyanyua kidole. Hakikufanana na cha Tsuruyo, lakini kilifanana kidogo na cha Hisanobu akimwigiza Tsuruyo, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Na hamkumwuliza," Tsuruyo alisema, "ni bonde gani?"

Wanaume wawili wakatazamana.

"Bonde gani?" Kuramochi aliuliza.

"Tulidhani ni utani tu," Ubukata alisema. "Utani wa watu na wake zao."

Miaka yote ile waliyashika maneno yake kwa moyo kama watoto wanavyoshika shairi la shule, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba yanasema kitu. Walimpenda Hisanobu, hilo Tsuruyo aliliona. Kuramochi macho yalikuwa yamemlowa, akajifuta kwa ncha ya aproni yake safi. Walimpenda kama walivyopenda visu vyao: walimgeuza kwenye mwanga, wakavuta pumzi, wakampanga karibu na choo.

Maneno yalimjia. Yalikuja mengi, ya kila urefu, yaliyonolewa upande mmoja na pande mbili. Lipo moja juu ya mshereheshaji anayeona kila kitu ni harusi hata akikaa juu ya maiti. Lipo juu ya aproni. Lipo moja zuri sana, fupi, ambalo Hisanobu angelirudia mwezi mzima na kulijibu kwa bora zaidi.

Kuramochi alikuwa anamngoja. Alimtazama kwa hamu, kichwa kimeinama upande, na Tsuruyo akaelewa kwamba mtu huyu anatumaini kutukanwa. Akilipata tusi leo, Jumamosi atalisimulia. Kidole juu hivi. Watacheka, watajifuta macho, watasema ni yule yule, mke wa gwiji, hajabadilika.

Akalimeza. Akayameza yote, moja moja.

"Nifungie," alisema.

"Umekipenda, shemeji?"

"Nifungie niende zangu."

"Na maonyesho? Kitarudi kwa maonyesho?"

"Hakirudi."

"Lakini kadi yenye jina lake nimeshaandikisha! Kwa wino wa dhahabu!"

"Basi weka kadi."

Ubukata ndiye aliyekifunga, kwenye gazeti, vizuri, kwa kamba. Mlangoni kinyozi yule aliinamisha kichwa chini kabisa, akabaki hivyo.

"Mama, tumeharibu kitu?"

Tsuruyo alimtazama kisogo chake cheupe. Huyu angalau ameuliza.

"Basi linakuja," alimjibu, akatoka.

Njiani alishukia sokoni. Samaki aina ya buri walikuwa wamejaa, wanene, wa baridi kali. Muuzaji, kijana wa ukoo wa Isurugi, alishika kisu chake tayari.

"Nikupasulie, mama?"

"Nitapasua mwenyewe."

Kisu kile sasa kiko jikoni kwa Tsuruyo, na mpini wake mwekundu. Gundi ile haikubali kutoka. Anakitumia. Kinakata vizuri tu. Nyama ya samaki inanata kwenye chuma, naye anaibandua kwa kidole.